Naomba ushauri: kuonyesha namba wiani kwenye grafu

Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha hisabati hapa Mbagala na ninatamani wanafunzi waone kwa macho jinsi namba wiani (zile zinazoandikika kama sehemu p/q ya namba nzima) zilivyosongamana kati ya 0 na 1. Kwenye mstari wa namba, nukta ziligusana upesi zikawa wino mtupu. Kisha nilipandisha kila sehemu iliyorahisishwa, p/q, hadi kimo cha 1/q. Kwa asili (namba ya chini, q) zisizozidi 10 nikapata nukta 33, pamoja na za 0 na 1 zenyewe, huku 1/2 ikisimama peke yake katikati, mchoro mzuri kwelikweli, ila wanafunzi wakaamini kwamba mapengo yaliyobaki hayana namba wiani yoyote.

Je, niongeze asili hatua kwa hatua kwenye karatasi ileile? Na nusu ya √2, isiyo wiani, niionyesheje bila kuwapotosha?