Naomba ushauri: mapato ya karakana ya chuo kikuu cha umma yasimamiweje?
Wakuu, habari za kazi. Karakana ya chuo kikuu cha ufundi ikichukua oda za nje, fedha zote huingia akaunti kuu. Kisu cha mashine ya kukereza kikivunjika, ombi la ununuzi huzunguka wiki kadhaa, mteja keshaondoka. Tunafikiria mfuko wa mzunguko (mapato ya oda hurudi humo kugharamia kazi zinazofuata) wenye kikomo cha matumizi: anayeagiza asiwe anayepokea wala anayelipa, na usuluhishi wa kibenki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) kila mwezi.

Bei nayo inahesabu malighafi tu. Umeme, saa za fundi na uchakavu wa mashine vinabebwa na ruzuku, halafu tunaita faida!

Mgawo wa chuo ukatwe kwenye mauzo au kwenye ziada, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama? Ukikatwa kwenye mauzo, oda zenye malighafi ghali zinaumia. Kwenye ziada, gharama huvimbishwa ili ziada ionekane ndogo.