Napanga somo la michoro na usanifu, gredi ya 10: kompyuta nane, wanafunzi 34. Nianzie wapi?

MwalimuWaAmu

Asalaam aleikum wanajamvi. Nafundisha Sanaa hapa Amu (Lamu). Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari pevu Januari 2026, na shuleni kwetu walioshika mkondo wa Sanaa na Michezo ni 34. Mwalimu mkuu amenikabidhi sehemu ya michoro na usanifu na anataka azimio la kazi la mihula mitatu mezani kwake.

Nina kompyuta nane, mbili kati yake hujizima zikipata joto. Intaneti ni ya kubahatisha. Rasimu yangu inasema hivi: muhula wa kwanza kujifunza programu, wa pili nembo na mabango, wa tatu mradi. Tatizo ni kwamba mwaka jana niliujaribu mpango huu kwenye chama cha wanafunzi. Wiki tatu zilikwisha tukigombania kipanya, na waliobahatika kukishika wakaniletea kadi ya harusi yenye fonti saba na waridi lililotolewa Google. Nikamuuliza mmoja kwa nini waridi liko pale pembeni. Akanijibu, "Palikuwa na nafasi, mwalimu."

Nisaidieni kabla sijaipeleka rasimu hii ofisini.

WinoNaBango (Malindi)

Waalaikum salaam mwalimu. Hao unaowafundisha wakimaliza shule ndio huniletea kazi, kwa hiyo nina haki ya kulalamika kidogo. Nina mashine ya kuchapa mabango. Mtu anakuja na picha aliyotumiwa kwa WhatsApp, anataka bango la mita mbili. Wafundishe hesabu hii hata kabla hawajagusa kipanya: picha yenye pikseli 1600 (vile vijiraba vya rangi vinavyoiunda) kwa upana, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, inafika sentimita 13 na nusu. Hiyo ni kadi. Bango hutazamwa kwa mbali, nukta chache zinavumilika, lakini pikseli 1600 kwenye mita mbili ni nukta 20 tu kwa inchi, na uso wa bwana harusi unatoka kama ukuta wa vigae.

Halafu rangi. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine yangu huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kuna buluu inayowaka kwenye kioo ambayo wino hauiwezi kabisa. Mwaka juzi nilichapa bango la timu ya mpira, buluu yao ikatoka zambarau, nikarudia kwa gharama yangu. Kosa lilikuwa langu, sikuwaonyesha sampuli kwanza.

Programu: Inkscape ya kuchora na GIMP ya kuhariri picha ni za bure, na ukishazisakinisha hazikudai intaneti. Canva ya mtandaoni ni rahisi, ila siku mtandao ukikatika utabaki na chaki mkononi.

HinaNaPiku

Kaka mwalimu, darasani mwako wamo wasichana ambao tayari ni wasanifu, sema hakuna aliyewaambia. Mimi kazi yangu ni kuwapaka hina maharusi. Kitu cha kwanza unachojifunza ni pa kuacha. Mkono ukijaa hina kila mahali hayaonekani maua, unaonekana umeungua. Huyo wa "palikuwa na nafasi" angekaa nami jioni moja tu.

Ungeniuliza mimi, wiki ya kwanza ningeingia darasani na kanga. Itandike mezani. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji, yaani mchoro mkuu wa katikati, ina jina, yaani maandishi, chini ya mji. Waulize kwa nini pindo la pembeni halilingani na la juu, kwa nini jina limekaa pale na si penginepo, jicho linaanzia wapi. Kisha waipime. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Igawe kwa tano, unapata 30 kwa 22. Karatasi ya A4 ni 29.7 kwa 21, inakosa kidogo tu! Lazima wachukue A3, na hapo umeshafundisha skeli bila kutamka neno skeli.

Halafu wape jina, tuseme "Wema hauozi", wautafutie mji unaofaa. Aliyechora moyo arudie.

Na rangi zisizidi tatu. Kwenye kanga kila rangi ina fremu yake ya kuchapia. Nao wakate stensili, yaani vibao vyenye matundu ya umbo, za karatasi ya manila, moja kwa kila rangi, wagongee rangi kwa sponji. Stensili ikiteleza nusu sentimita wataona wenyewe kazi inavyoharibika.

KodiNaRangi

Samahani dada, na wewe mwalimu usinielewe vibaya. Kanga watoto wanaiona tangu wazaliwe. Kazi ziko kwenye kompyuta. Mtoto akifika Nairobi akaambiwa afungue faili, atasema "mimi najua pindo"? Tusigeuze darasa kuwa makumbusho kwa sababu tu tunaishi Lamu.

MzeeWaTezo

Mwanangu Kodi, mimi kompyuta siijui, lakini nimechonga milango na kupaka rangi mashua tangu ujana. Sikiza. Ua la mlango hatulichori kwa kukisia. Unafungua bikari, unazungusha duara. Kisha kwa kipimo kile kile, bila kukifinya wala kukipanua, unatembea juu ya ukingo wa duara. Hatua sita umerudi ulipoanza. Kila hatua ukizungusha tena, ua la petali sita limetoka lenyewe. Dogo la kwenye sanduku na kubwa la kwenye mfaa (nguzo ya katikati) wa mlango, ndia ni moya (njia ni moja).

Jina la mashua nalo. Wana wa siku hizi waandika herufi za mikia mikia, nzuri ukiwa pwani. Ukiwa ndani ya mashua nyingine, maji yakupiga usoni, huoni kitu. Mimi nikimaliza kuandika huenda mbali hata ubao niuone kama kidole, nikasoma. Nisiposoma, nafuta. Na yale mato (macho) ya mbele ya mashua, duara lile, laonekana kabla ya jina.

MwalimuWaAmu

Shikamoo mzee. Umenifungua. Kodi, hoja yako ni ya kweli, lakini tazama alichokisema mzee: ua la bikari ni vekta. Hulibebi kama picha, unabeba maagizo yake, kitovu na kipimo, na kwa maagizo hayo hayo unalichora dogo au kubwa, ukingo wake haukwaruziki. Ndivyo Inkscape inavyofanya kazi.

Na nyumbani nilikokalia mkeka sasa hivi nikaangalia chini. Ukili (mkanda uliosukwa) wa miyaa (majani ya mkindu) ya rangi: kila mahali miyaa inapopishana ni kijiraba kimoja cha rangi moja. Mshonaji akitaka duara anapata ngazi ngazi. Hiyo ni pikseli! Niliwaeleza wale wa mwaka jana tofauti ya picha za vekta na za pikseli kwa saa nzima ubaoni, wakatoka kama walivyoingia.

KodiNaRangi

Hapo kwenye mkeka umenishika, nakubali. Sharti langu moja: wasikae muhula mzima bila kompyuta. Wiki ya tatu wale waliochora ua kwa bikari walichore lile lile kwenye Inkscape. Na wagawe darasa: kompyuta sita nzima, wawili wawili, hao ni 12. Waliobaki 22 wako mezani na stensili. Kipindi kijacho wengine 12. Zile mbili zinazozima usizihesabu kabisa, utakuwa unajidanganya. Mwanafunzi akae kwenye mashine akiwa na mchoro wake wa karatasi mkononi. Asiye na mchoro hakai.

ChakiMstaafu

Mwalimu mwenzangu, mimi nimeandika maazimio mpaka vidole vikapinda, nami nitasema kuhusu tathmini tu, kwa maana ndiyo itakayokutia matatani. Usitathmini bango lililokamilika peke yake. Aliye na kaka mwenye laptopu atakuletea bango la kupendeza alilofanyiwa. Dai potifolio yenye michoro yote, hata ile mibaya, na tarehe nyuma ya kila karatasi. Mimi huchukua mchoro wa tatu na wa mwisho nikamuuliza mtoto: ulitoa nini hapa katikati, na kwa nini? Anayeweza kueleza alichokitoa huyo amefikisha matarajio hata kama mstari wake umepinda. Anayezidisha matarajio ni yule aliyempelekea mtu mwingine kazi, akamsikiliza, akairekebisha.

Lile waridi la Google nalo lisipite hivi hivi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Picha ya mtu ni mali yake. Wana simu majumbani, mji mzima una milango ya nakshi na zidaka (vishubaka vya ukutani), wapige picha zao wenyewe. Wakiingia nyumba ya mtu waombe ruhusa.

WinoNaBango (Malindi)

Nakazia la mwisho. Na muhula wa tatu wape mteja wa kweli, si "buni nembo ya kampuni ya kufikirika". Mteja wa kufikirika hakatai kazi.

MwalimuWaAmu

Wanajamvi, Mungu awalipe. Nimeichana rasimu. Muhula wa kwanza: kanga, bikari na stensili, na kompyuta kuanzia wiki ya tatu kwa zamu kama alivyosema Kodi. Muhula wa pili: herufi na bango, ikiwemo hesabu ya pikseli na sampuli ya rangi kabla ya kuchapa. Jaribio la herufi tutalifanya uwanjani, kazi zimebandikwa kwenye goli moja na wasomaji wamesimama kwenye goli la pili. Fonti ni mbili, atakayetaka ya tatu aje kunishawishi. Muhula wa tatu ningependa wateja wawe wenye mashua: kila kundi jina moja na mato yake, kuanzia mchoro wa karatasi mpaka ubao wenyewe.

Mwalimu mkuu ameuliza kanga inahusiana vipi na kompyuta. Nimemwambia aje wiki ya tatu aone.

Mzee wangu, naweza kuwaleta watazame unavyoandika jina?

MzeeWaTezo

Ndoo (njoo) nao Jumamosi baada ya alasiri, kuna mashua moya ingali juu ya magogo. Waye (waje) na bikari zao. Na uwaambie wasivae nguo nyeupe, rangi ni mbichi.