Kiti cha mkuu wa shule ya jujutsu: arithi mtoto au mwanafunzi?

Mkanda Uliochakaa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi baada ya mazoezi nilibishana na jamaa yangu kuhusu cheo cha soke. Soke ni mkuu wa shule ya kale ya sanaa za mapigano kule Japani, yule anayekalia kiti cha mwanzilishi na kuhesabiwa "wa 14" au "wa 19". Jamaa anasema kiti ni cha damu, yamekwisha. Mimi nasema kiti ni cha mkono, mwenye kujua zaidi akae. Chai ikapoa mezani, nikaona niilete huku.

Ushahidi wangu ni Daito-ryu aiki-jujutsu, moja ya shule ("ryu" ni shule) za jujutsu, yaani sanaa ya Kijapani ya kumkunja na kumwangusha mtu, maana huko mambo yaliharibika mbele za watu.

Takeda Sokaku (1859–1943) alikuwa mtu wa Aizu. Hakuwa na ukumbi. Alikuwa mwalimu wa kuzunguka: anaitwa mji fulani, anafundisha siku kama kumi, polisi, mahakimu, wenye mali, anapokea ada yake, huyoo mji mwingine. Ukimwandalia chai hagusi mpaka wewe uonje kwanza, alivyokuwa akiogopa sumu. Kila aliyefundishwa aliandika jina lake kwenye daftari, eimeiroku, akagonga mhuri. Daftari la pili lilikuwa la ada. Na Sokaku mwenyewe hakujua kuandika! Yale madaftari yamejaa mikono ya watu wengine, na ndiyo leo yanayotumika kuthibitisha nani alisoma kwake na nani anasingizia.

Alifia safarini, Aomori, 1943. Kiti kikaenda kwa mwanawe Tokimune, aliyewahi kuwa polisi, ambaye baadaye alifungua ukumbi Abashiri, Hokkaido, akauita Daitokan. Mwaka 1988 Tokimune akampa mwanafunzi wake wa Tokyo, Kondo Katsuyuki, menkyo kaiden, ijaza ya mwisho, ile inayosema "nimekumalizia yote". Akamfanya pia kaimu soke. Kaimu, wakuu, siyo soke. Tokimune akafariki 1993 bila mrithi ambaye wote wangemkubali. Kondo akaenda na watu wake, wakongwe wa Hokkaido wakashika njia zao, na tangu hapo ukiuliza mkuu wa Daito-ryu ni nani, jibu linategemea umemuuliza nani.

Angesema tu, "damu imeishia kwangu, mkono wa fulani ndio unaofuata." Naomba kuwasilisha.

Binti wa Mlango wa Kati

Mleta mada, "mwenye kujua zaidi akae". Atapimwa na nani? Aliyekuwa na mizani ndiye huyo amezikwa.

Mtoto wa mwalimu anajulikana tangu tumboni. Wanafunzi ni mia, na kila mmoja ana siku yake ambayo mwalimu alimvuta pembeni akamnong'oneza kitu. Msiba ukitokea, minong'ono yote inakuwa wasia. Damu haikuwekwa pale kwa sababu mtoto ni hodari. Iliwekwa ili watu wasigombane kaburi likiwa bado bichi.

Na Wajapani si wajinga. Nyumba ikikosa mtoto wa kiume, au akiwepo lakini mzembe, wanamwasili kijana hodari, mara nyingi anaozwa binti wa nyumba, anabeba jina la ukoo. Mkono umeingia, jina limebaki. Hapo damu na ustadi vimekula sahani moja.

Tazama Takenouchi-ryu, huko Okayama ya leo. Inatajwa kuwa shule kongwe kuliko zote za jujutsu zilizo hai, ilianza 1532. Mwanzilishi, Takenouchi Hisamori, alijitenga mlimani kufunga na kuomba, na simulizi yao inasema akatokewa na mtawa wa milimani aliyemfundisha kukamata mtu kwa silaha fupi na kumfunga kamba. Kisa cha mtawa mwenye kukiamini akiamini. Mimi nakitaka kilichofuata: Hisamori akamwachia mwanawe Hisakatsu, naye Hisakatsu mwanawe Hisayoshi. Baadaye zikawepo nyumba mbili za ukoo huohuo, moja inashika cheo cha soke, ya pili inaitwa nyumba ya kupokeza mafunzo, ili moja ikiyumba nyingine iishike mkono. Karibu miaka 500. Daito-ryu yako imeshindwa kuvuka vizazi viwili tangu Sokaku.

Dogo wa Kariakoo

Kwa hiyo aliyelipa ada kwenye daftari la pili mara nyingi zaidi hana chake? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Gombo

Nyote mnagombania mkia wa ng'ombe ambaye hatujui kama alizaliwa.

Tokimune alihesabiwa soke wa 36. Hebu rudini nyuma namba hizo. Silsila yao inaanzia kwa Minamoto no Yoshimitsu (1045–1127), shujaa aliyesemekana kupasua maiti za vitani ajue viungo vinavyokunjika na visivyokunjika. Kutoka kwake inashuka kwa ukoo wa Takeda wa jimbo la Kai, inahamia Aizu karne ya 16, mpaka kwa Sokaku. Inapendeza masikioni. Ila jina Daito-ryu tunaanza kuliona kwenye karatasi za Sokaku mwenyewe, mwishoni mwa karne ya 19, na wanahistoria wengi wa fani hii hawajaona hati huru ya kabla yake inayotaja shule hiyo. Hata neno jujutsu lenyewe lilizoeleka zama za Edo, karne nyingi baada ya Yoshimitsu.

Waliokaa chuoni wanajua isnadi inavyosomwa. Fulani kapokea kwa fulani, na kila jina linaulizwa: aliishi lini, walikutana wapi, alikuwa mtu wa kuaminika? Majina 34 ambayo hakuna hata mmoja tunayemwona akifundisha mbinu moja, hiyo ni nasaba ya ukoo, si silsila ya elimu. Ukoo wa Takeda ni wa kweli. Kwamba babu wa babu alikuwa samurai ni kweli. Kwamba alikunja kifundo cha mkono kama Sokaku alivyokikunja, nionyesheni.

Simvunjii heshima Sokaku. Huenda aliyatunga mwenyewe kwa kichwa chake kutokana na upanga na mkuki aliosoma ujanani, na kama ni hivyo basi ni fundi mkubwa zaidi kuliko mrithi wa 35.

Mama wa Mkeka

Gombo umenena, lakini wewe unaongea kama mtu wa maktaba. Ngoja niongee kama mtu aliyelipa.

Nilianza nikiwa na miaka 19, kwenye ukumbi mmoja siutaji. Mwalimu wetu alijiita soke. Ukutani kulikuwa na cheti cha herufi za Kijapani kwenye fremu ya dhahabu. Miaka minne nimepanda mikanda pale, kila mtihani na bei yake. Siku moja akaja mgeni mpole, mtu mzima, akaomba kufanya mazoezi nasi. Nikamshika kifundo kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote. Hakuvuta. Alifungua vidole vyake tu, kiwiko chake kikashuka kidogo, na mimi nikajikuta nasimama kwa ncha za vidole vya miguu kama ninayechungulia ukuta. Mwalimu wangu akawa amekumbuka simu ya haraka nje.

Wakati wa chai mgeni alimuuliza swali moja kwa adabu: "Wewe umepokea kwa nani?" Hakukuwa na jibu. Cheti alikichapisha mwenyewe.

Kwa hiyo mimi majina 34 ya kale siyajali. Nayajali mawili ya mwisho: alisoma kwa nani, na huyo bado yuko hai nimuulize? Kiti akikaa mtoto au mpangaji wa nyumba, sawa tu, mradi swali la yule mgeni lipate jibu.

Mkanda Uliochakaa

Mama wa Mkeka pole sana. Hata hivyo nimecheka kwa ile simu ya haraka.

Binti, hoja ya mizani nimeipokea, imenikaa. Lakini mfano wa Takenouchi usiufanye kanuni. Chukua Hontai Yoshin-ryu. Aliyeianzisha karne ya 17 ni Takagi Oriemon, na Takagi kwa Kijapani ni "mti mrefu", kwa hiyo wana msemo wao kwamba mti mrefu huvunjika lakini mti wa willow, "yo" ile ya kwenye Yoshin, ule unaopinda na upepo, hubaki. Wa pili Takagi, wa tatu Takagi. Wa nne? Okuni Kihei. Jina la mwanzilishi limeshatoka mlangoni na shule haikufa. Karne ya 20 iko mikononi mwa Minaki Saburo, wa 17, akampa Inoue Munetoshi, wa 18, ambaye si mwanawe. Ndipo Inoue naye akamwachia mwanawe, wa 19. Kiti kinatoka kwenye damu, kinarudi kwenye damu, kinategemea nyumba ina nani wakati huo.

Na kuna jambo nililolisahau kwenye mada, ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1936 Sokaku aliibuka Osaka, kwenye ukumbi wa gazeti la Asahi, ambako mwanafunzi wake Ueshiba Morihei, huyu aliyekuja kuanzisha aikido, alikuwa akifundisha. Pale palikuwa na mfanyakazi wa gazeti, Hisa Takuma. Yeye na wenzake, kwa kuwa ni watu wa habari, walizirudia mbinu baada ya somo na kuzipiga picha, zaidi ya elfu moja. Mwaka 1939 Sokaku akampa Hisa menkyo kaiden. Tokimune yupo hai, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu. Maana yake mzee mwenyewe alitenga vitu viwili: kiti kwa mtoto, ukamilifu wa elimu kwa mtu wa gazeti. Sisi ndio tunaovichanganya.

Binti wa Mlango wa Kati

Vizuri umemtaja Ueshiba. Huyo alitoka Daito-ryu akiwa na cheti cha ukaimu mwalimu cha 1922, akajenga chake, halafu kiti chake akampa nani? Mwanawe Kisshomaru. Na Kisshomaru? Mwanawe Moriteru. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, vilevile. Mwalimu wake wa jujutsu, Fukuda Hachinosuke, alipofariki 1879, familia ilimkabidhi Kano magombo ya shule, kijana asiye wa damu yao. Mkono umeshinda hapo, nakubali. Lakini Kano akaanzisha Kodokan, makao ya judo, 1882 na baada ya kifo chake 1938 kiti kikaenda kwa mpwa wake, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake. Mtu wa nje wa kwanza, Uemura Haruki, bingwa wa Olimpiki wa 1976, alikaa 2009. Waasi wote wa mkono, wakishapata nyumba, wanakuwa watu wa damu.

Na Hisa wako? Wanafunzi wake walianzisha Takumakai 1975, na baadaye humohumo kikatoka kikundi kingine kikajitenga. Wote ni wa mkono, hakuna mtoto wa mtu pale.

Dogo wa Kariakoo

Mleta mada kapigwa ippon, alama kamili ya judo.

Mkanda Uliochakaa

Waza-ari tu, nusu alama, Dogo, usiwahi kupuliza filimbi.

Binti, la kujitenga sina ubishi. Ila angalia mkuu wa Takumakai anaitwaje: somucho, mtendaji mkuu. Hawakumwita soke. Picha wanazo wao, kiti hawakukidai. Kesho namuuliza jamaa yangu yeye angependa kuachiwa kipi kati ya hivyo viwili, na chai safari hii analipa yeye.