Naomba ushauri: mchango wa kisayansi kwenye tasnifu ya uzamifu

Hamjambo wapendwa, na wakubwa shikamooni. Niko Mombasa, naandika tasnifu ya uzamifu katika usimamizi wa elimu. Nachunguza uongozi wa sekondari ya msingi (gredi ya 7 hadi 9), ambayo tangu 2023 imewekwa ndani ya shule za msingi: mwalimu mkuu ni mmoja, walimu ni wa ngazi mbili.

Mahojiano ya Likoni na Kisauni nimeshamaliza. Kinachonikwamisha ni sura ya mwisho. Msimamizi amezungushia kalamu nyekundu aya yangu ya mchango, akaandika pembeni: "Haya ni mapendekezo kwa wizara. Maarifa mapya yako wapi?" Hoja yake naikubali, ingawa kalamu yenyewe ni pilipili tupu!

Nadharia niliyotumia, ya uongozi wa kugawana (kwamba uongozi hubebwa na watu kadhaa, si mkuu peke yake), huchukulia kwamba mamlaka ya kugawana yanajulikana yako kwa nani. Huku mwalimu ananiambia, "Chaki ikiisha sijui nimwone nani."

Je, kuonyesha pale nadharia inapokatika kunatosha kuitwa mchango, au ni lazima nijenge modeli yangu? Na shule chache nilizohoji zinatosha kweli? Mliokwisha kutetea tasnifu zenu, watahini wa nje waliwabana wapi hasa?