UZI: Ulaya kitufe cha kuondoa brauza ya Microsoft kipo, Kigoma kimefungwa!

Wakuu, huyu Microsoft tunayemjua wote, ambaye kila kompyuta ya stationery hapa Mwanga inawaka na nembo yake, ametutukana mchana kweupe.

Washa Windows yake, toleo la 11. Ingia setingi, fungua orodha ya apu, itafute Edge, ile brauza yake ya kufungulia mtandao, bofya vidoti vitatu. Kitufe cha kuondoa hakibonyezeki! Kwenye mashine nyingine hata hakionekani. Kitafute kuanzia Kibirizi mpaka Mpulungu, hukipati. Sasa chukua mashine hiyohiyo, ifute, ianzishe upya, na pale inapouliza nchi chagua Ufaransa. Kitufe kinakuja, kinabonyezeka, brauza inaondoka!

Kwa hiyo kinawezekana. Programu ni ileile, kilichobadilika ni nchi. Na usijidanganye kubadili eneo baadaye kwenye setingi, haisaidii. Anashika nchi uliyochagua siku ya kwanza, mpaka ufute upya.

Kwa nini Ulaya anatii? Anaogopa faini. 2004 walimpiga euro milioni 497. 2008 milioni 899, mahakama ikaja kuzishusha hadi 860. 2013 milioni 561, kwa sababu ukurasa wa kuchagua brauza alioahidi kuuonyesha ulipotea, watumiaji kama milioni 15 hawakuuona kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012. Miezi 14 tu, milioni 561! Sisi kitufe hakijawahi kuwepo, amelipa nini? Hata nauli ya bodaboda kwenda Ujiji hajalipa!

Sheria ya Ushindani tunayo tangu 2003. Tume ipo. Kitufe hakipo!

Mgebuka_Mkavu: Mkuu umeacha kubwa zaidi. Toleo la 10 lilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tukitaka ulinzi wa mwaka mmoja zaidi ni dola 30, au pointi zake 1,000 za zawadi (Microsoft Rewards), au ukubali setingi zako zihifadhiwe kwenye wingu lake. Mtu wa Ulaya anaingia na akaunti ya Microsoft tu, bure. Hiyo ndiyo dharau.

Gungu_Juu: Hasira zote hizi kwa kitufe? Weka brauza unayoitaka, ingia apu za msingi, chagua hiyo, bofya kuifanya ya msingi. Umemaliza. Halafu hizo faini zinaingia bajeti ya Umoja wa Ulaya, ulitaka uletewe mgawo Mwanga?

Mwanzisha uzi: Gungu, andika neno kwenye kile kisanduku cha kutafutia cha chini, kisha bofya jibu la mtandaoni. Linafunguka kwenye brauza gani? Yake! Ulaya linafuata uliyochagua. Kitufe, ndugu yangu, KITUFE!

Kasulu_Mjini: Nami naongezea. Ile apu yake ya mikutano, Teams, aliibandika kwenye programu zake za Office, mshindani wake Slack akashitaki 2020, na 2025 akaahidi Ulaya kuuza Office bila Teams kwa bei pungufu. Bila faini hata senti. Hapo ndipo nilipochukia.

Isevya_Tabora: Nyie watu wa ziwani mna raha. Huku kilio ni bando. Apdeti moja inakula gigabaiti kadhaa ukiwa umewasha hotspoti ya simu. Ingia setingi za mtandao, fungua ule Wi-Fi wako, washa chaguo la mtandao wa kupimwa (metered connection). Apdeti nyingi zitasubiri.

Kanyenye_IT: Bando si kitu, umeme ndio mchawi. Ukikatika apdeti ikiwa asilimia 60 kwenye kompyuta ya mezani, itakaporudi inaanza kurudisha mabadiliko nyuma, na diski ikiwa mbovu haiwaki tena. Weka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika.

Mwanzisha uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kitufe.

Isevya_Tabora: Kanyenye, UPS ya VA 650 inatosha? Ya hapa inalia tu, haishiki hata dakika.

Kanyenye_IT: Kwa kompyuta moja na skrini inatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Ikilia hivyo betri imekufa, usinunue UPS nzima. Fungua chini, nyingi zina betri ya volti 12, Ah 7. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi hasi, kisha iache ichaji usiku kucha. Na printa ya leza usiichomeke humo kabisa, ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS inajizima.

Gungu_Juu: Hiyo betri Kigoma mjini inapatikana duka gani?