Dawa za dharura shuleni na ukumbini: zipi tuweke, na nani abebe dhamana?

Mjumbe wa Kamati, Pangani

Habari za leo, wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Pangani, na kwa kuwa ukumbi wa shule yetu hutumika pia kwa mikutano ya kijiji na sherehe za harusi, watu wanaokusanyika hapo si watoto peke yao. Tunalo sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, pamba, glavu na dawa ya kusafishia vidonda, lakini halina chochote cha kumsaidia mtoto aliyebanwa na pumu, mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, wala mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kuvimba koo. Zahanati iko mbali, na wakati wa masika hata bodaboda hupita kwa taabu. Mjumbe mmoja amependekeza tununue dawa za dharura; mwingine anapinga, akisema shule si duka la dawa na kwamba mtoto akidhurika, mwalimu ndiye atakayefikishwa mahakamani. Naomba ushauri wa wenye ujuzi.

Mfamasia, Morogoro

Ndugu Mjumbe, ningeanza na kitu kisichouzwa famasi: sukari. Mwenye kisukari anayetetemeka, anayetokwa jasho na kuanza kuchanganya maneno, maadamu bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha atazamwe tena baada ya dakika 15 na kurudiwa ikiwa hajapata nafuu. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote.

Ya pili ni inhela ya salbutamoli, yaani kifaa cha kuvutia dawa inayomfungulia pumzi mwenye pumu, ile ya bluu ambayo wengi huiita Ventolin. Mtoto aliyebanwa hawezi kuivuta vizuri moja kwa moja mdomoni, na chombo maalumu cha kuunganisha inhela na mdomo hakipatikani kila duka. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni isivuje, hufanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Chupa za namna hiyo hamtazikosa Pangani.

Aspirini sina haraka nayo. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye dalili za mshtuko wa moyo hutafuna miligramu 300, lakini haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 16, wala kwa mwenye kiharusi ambacho hamjui kama kinavuja damu ndani ya ubongo, na huko kwenu pwani hutokea homa ya dengue, ambayo aspirini huizidishia hatari ya kutoka damu. Katika ukumbi usio na mhudumu wa afya ningeiacha.

Muuguzi, Leicester

Hofu ya mahakama hujibiwa kwa maandishi. Hapa Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2014, shule zimeruhusiwa kununua inhela za akiba za salbutamoli bila cheti cha daktari, na tangu tarehe 1 Oktoba 2017 ruhusa hiyo ikaenea hadi kwenye kalamu za adrenalini, yaani sindano zilizojazwa dawa tayari kwa mwenye mzio mkali. Ina mipaka, lakini: inhela ya akiba hupewa tu mtoto aliyekwisha kutambuliwa kuwa ana pumu au aliyeandikiwa inhela, na ambaye mzazi wake ametia saini ridhaa, kisha kila inapotumika mzazi huarifiwa kwa maandishi. Sheria hiyo si yenu, ila fomu ya ridhaa na daftari la kuandikia ridhaa hizo na kila matumizi mnaweza kuviandaa sasa, na kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya mpate idhini yake kabla ya kununua chochote.

Kuhusu aliyevimba koo, dawa yenyewe ni adrenalini ya kuchoma kwenye paja, na vidonge vya mzio havifui dafu mbele ya hali hiyo. Kalamu zake ni ghali, na kichupa cha kawaida huhitaji mtu anayejua kupima dozi kwa umri, kwa hiyo nisingekiweka mikononi mwa mwalimu ambaye hajafundishwa. Ulizeni mapema kituo kipi kinayo saa zote, na mgonjwa alazwe, miguu ikiwa imeinuliwa, asitembezwe. Akishindwa kupumua vizuri, aachwe akae.

Bi Matroni, Kilifi

Mimi ni matroni wa shule ya bweni, na naona hamjagusia ufunguo. Dawa ikifungiwa katika kabati, na ufunguo ukasafiri na mwalimu mkuu, ni sawa na kutokuwa nayo. Sisi huiweka ofisini, juu kuliko watoto wanavyofikia, bila kufuli saa za masomo, na watu wawili hukagua kila mwanzo wa mwezi tarehe ya kuisha na kama inhela bado inapuliza. Isiwekwe karibu na bati la paa, kwa sababu joto likizidi nyuzi 30 dawa huharibika. Mtoto mwenye inhela yake aendelee kutembea nayo. Ile ya shule ni ya akiba tu.

Mjumbe wa Kamati, Pangani

Nawashukuru sana. Na mgeni wa harusini, mtu mzima ambaye hatuna ridhaa yake katika daftari?

Mfamasia, Morogoro

Mtu mzima mwenye fahamu hujiamulia mwenyewe. Muulizeni kama ana pumu na kama hutumia dawa hiyo. Akikubali, avute mpulizo mmoja mmoja kupitia chupa, kwa kuachana nusu dakika hadi dakika moja, na ikifika mipulizo 10 bila nafuu, awe tayari yuko njiani kwenda kituo cha afya. Msimamizi wa ukumbi akabidhiwe kisanduku pamoja na daftari siku ya shughuli, na chupa iliyotumiwa na mgonjwa mmoja itupwe, itobolewe nyingine.