Kaspesi zinaua seli, kwa nini tusizizime zote?

seli_moja:
Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe. Nimesoma kwamba kaspesi ni vimeng'enya vinavyoua seli kwa kuzikatakata protini zake kutokea ndani, sasa mama alipata kiharusi mwaka jana na toka siku hiyo najiuliza, si ingetengenezwa tu dawa ya kuzizima zote seli za ubongo zipone?

mtu_wa_maabara:
Pole sana kwa mama ndugu yangu. Ila kuzizima zote ni hatari. Tazama vidole vyako, ulipokuwa tumboni mkono ulikuwa kama kasia, seli za katikati zikafa ndo vidole vikaachana. Kuna kale kamnyoo kadogo, C. elegans, kanatengeneza seli 1,090 na 131 kati yake lazima zijiue, humo ndimo ilimopatikana jini ya ced-3 inayotengeneza kaspesi yao, na mtafiti Horvitz akapata Nobel ya 2002 pamoja na Brenner na Sulston. Panya walioondolewa kaspesi-9 ubongo ulijaa seli kupita kiasi, wengi wakafa wakiwa bado hawajazaliwa au punde tu baada ya kuzaliwa.

Bi Damu:
Na msidhani zote zina kazi moja. Kaspesi-1 yenyewe inawasha uvimbe, inatoboa utando wa seli kwa kupitia protini ya gasdemini D, bakteria wakiingia hiyo ni msaada mkubwa, ila kwenye jongo ndo inachangia kile kiungo kuwaka moto. Inayonishangaza zaidi mimi ni kaspesi-8, inaanzisha kifo cha utaratibu lakini hiyohiyo inamzuia RIPK3, protini nyingine inayoua seli kwa kuipasua, sasa ukiizima RIPK3 anapata upenyo, seli inapasuka na vya ndani vinamwagika, yaani umefunga mlango mmoja umefungua mbaya zaidi.

seli_moja:
Dah, hiyo sikuijua kabisa. Na kwenye saratani je?

Bi Damu:
Huko tunataka kinyume, zifanye kazi! Seli ya saratani inajificha nyuma ya protini ya BCL-2 inayozuia kaspesi zisiamshwe. Dawa ya venetoclax inaifunga hiyo BCL-2, iliidhinishwa Marekani 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu.

mtu_wa_maabara:
Nirudi kwenye swali la mama. Kwenye kiharusi seli za katikati kabisa ya eneo lililoathirika zinakufa ndani ya dakika chache kwa kukosa damu, hazingoji kaspesi. Za pembeni ndo zinakufa taratibu, masaa mpaka siku, na huko kaspesi-3 inaonekana kweli. Dawa ya kuizima kwa ajili ya kiharusi haijaidhinishwa bado, ndo maana madaktari wanakimbilia kufungua mshipa mapema wawahi zile za pembeni.